Je, Wajua? Majani Yanayomhadaa Nondo

Je, wajua kwamba nondo anayezaa funza wa mabua hapendi mahindi kama tunavyodhani? Akipata pa kuchagua, hutaga mayai kwenye majani ya Napier, yaleyale tunayowakatia ng'ombe.

Je, wajua kuwa Napier humwita kwa harufu? Saa ya kwanza ya giza, nondo anapotoka kutafuta pa kutagia, harufu hiyo huongezeka kiasi cha mara 100. Mayai yakishaanguliwa, funza hutoboa shina, shina likatoa utomvu unaonata, na wengi hufia papo hapo.

Je, wajua nani humfukuza nondo kwenye mahindi? Ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa katikati ya mistari. Huu unasukuma, Napier inavuta. Ndiyo maana kilimo hiki kinaitwa vuta-sukuma.

Je, wajua kilikotoka? Kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Majaribio yalifanyika Mbita, kando ya Ziwa Victoria, miaka ya 1990. Yaliongozwa na Zeyaur Khan, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza.

Je, wajua kwamba jambo kubwa kuliko yote halikutafutwa? Desmodiamu ilipandwa kwa ajili ya nondo tu, kumbe gugu la kiduha nalo likaanza kutoweka. Na kiduha si gugu la kuchezea. Ua lake la zambarau linavutia macho, lakini mzizi wake hunyonya mzizi wa mahindi tangu kingali chini ya udongo, na mche mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, laini kama vumbi, zinazoweza kungoja ardhini zaidi ya miaka 10. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu hizo, kisha huzizuia kuushika mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa chakula, zinakufa. Jembe haliwezi kazi hiyo.

Je, wajua vipimo? Napier mistari mitatu kuzunguka shamba, mita moja kutoka kwenye mahindi. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo mno. Changanya na mchanga ndipo umwage kwenye mfereji. Msimu wa kwanza palilia kwa mkono wa pole, maana mgeni shambani huing'oa akidhani ni gugu.

Je, wajua kwa nini elimu hii husambazwa sana na wakulima wenyewe? Mkulima haamini karatasi, na mimi simlaumu. Huamini akisimama kwenye shamba la jirani na kuona mahindi yamenenepa palipokuwa pamejaa kiduha.

Je, wajua pia kwamba viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika mwaka 2016, hupungua sana kwenye mashamba haya? Na ng'ombe hupata malisho mara mbili: Napier na desmodiamu.

Je, wajua kikwazo? Bei ya mbegu ya desmodiamu. Lakini ukiwa na jirani aliyekwisha kupanda, mwombe vipande vya mashina ya desmodiamu yake mvua zikianza. Vifukie pingili zikiwa ndani ya udongo, navyo vitatoa mizizi.