UKIFIKA CHUO KIKUU, UJIUNGE NA NINI?



Kila mwaka baadhi ya vijana wetu waliomaliza kidato cha sita hupata nafasi katika vyuo vikuu, na kila mwaka wazazi wa hapa Kariakoo huwapa wasia ule ule: "Mwanangu, nenda kasome. Mambo ya vyama waachie wenyewe." Wasia huu una sababu, lakini haujakamilika.

Tuanze na sababu yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache tu kutoka sokoni kwetu, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Haikupita miaka mingi, tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka 1978 waliandamana tena kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Wengi walifukuzwa, na umoja wao, DUSO, ukavunjwa. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao, kwa hiyo tusiwacheke.

Sasa tuone kilichosahaulika. Serikali ya wanafunzi wa Mlimani leo ni DARUSO. Ina rais wake, mawaziri na bunge, na rais na wabunge huchaguliwa kwa kura. Bumu la Bodi ya Mikopo likichelewa, mtoto wa mama ntilie ambaye hana wa kumpigia simu atakwenda kwa nani? Peke yake mlangoni kwa mkubwa hasikilizwi. Akiwa na kiongozi aliyemchagua, angalau barua yake hupokelewa.

Ipo pia jumuiya ya wanafunzi Waislamu, MSAUD. Mgeni asiye na ndugu mjini atapata huko wenziwe wa swala, wa darsa na wa futari. Zaidi ya hizo kuna vyama vya fani, vya wanasheria, wahandisi na wengineo. Hivi havina makelele, lakini vina faida wakati wa kutafuta kazi.

Mabinti wasidhani haya ni ya kaka zao. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida lao, Cheche, na miongoni mwa wahariri wake wa mwanzo alikuwa Bi. Zakia Meghji. Serikali ililifunga mwaka 1970. Mwaka 2006 yeye akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha nchini.

Hofu yetu sisi si maandamano sana. Ni fedha. Tulipokuwa chuoni kuchukua diploma tulikabidhiwa hazina ya jumuiya, na mwezi wa Ramadhani hesabu ya futari ikapungua shilingi 12,000. Hatukuiba, bali hatukuandika. Tulinunua tende bila risiti, tukampa mwenzetu nauli, tukasema tutakumbuka. Tulizilipa mfukoni mwetu, na bado wapo waliotutazama vingine mpaka tunamaliza.

Basi ewe kijana, kabla ya kulipa ada ya chama chochote omba kuona katiba yake na daftari la mapato na matumizi. Wakikuzungusha, ondoka uende kwingine. Na wewe mzazi, akirudi likizo usiulize matokeo tu. Muulize pia yuko chama gani, na nani anashika fedha.