Mechi ya Kujipima Nguvu: Twamtazama Mchezaji au Twautazama Mpira?

Kandanda ya shule za upili hapa nchini huchezwa muhula wa pili. Ndiyo maana mara tu tunaporudi kutoka likizo ya Aprili, kabla hata masanduku hayajapangwa vizuri mabwenini, utasikia kelele uwanjani. Mwalimu wa michezo amealika shule jirani, kipenga kimelia, na mashabiki wamejipanga kando ya uwanja tayari kutoa hukumu. Jioni hiyo, kwenye foleni ya chakula, timu huwa imeshachaguliwa. "Fulani amekwisha!" "Yule mdogo ni moto wa kuotea mbali!" "Kwani kocha haoni?"

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mechi hizo zinavyotazamwa na mtu anayetaka kujua ukweli. Si jambo dogo. Majina ya kikosi hubandikwa ubaoni baada ya mechi mbili tatu tu za namna hii. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, jina likikosa hapo basi, hakuna mwaka mwingine. Kwa mdogo aliyejiunga na shule juzi, alasiri moja mbaya yaweza kumfanya atundike viatu kabla hajaanza kucheza. Na kelele zetu za kando ya uwanja, tupende tusipende, humfikia kocha masikioni.

Tuanze na mabao, maana ndiyo yanayodanganya zaidi. Katika mechi ya mashindano, idadi ya wachezaji wa akiba wanaoingia ina mpaka. Katika mechi ya kirafiki, sheria za kandanda zinaruhusu timu mbili zikubaliane kubadilisha wachezaji wengi zaidi, mradi refa ajulishwe. Kwa hivyo makocha huingiza kikosi kimoja kipindi cha kwanza na kingine kipindi cha pili, au hata huwachanganya kama githeri. Ukisikia tumeshinda 4-1, uliza kwanza: walikuwa nani uwanjani bao la kwanza lilipoingia, na walikuwa nani la nne lilipoingia? Huenda straika aliyebebwa mabegani alifunga mawili dhidi ya mabeki ambao kocha wao alikuwa anawaona kwa mara ya kwanza.

Halafu tazama wageni wametoka wapi. Shule ikitoka Nkubu kuja Embu, inapitia kona za Nithi, inafika Chuka, inashuka tena kona za Thuchi, ndiyo ipande Runyenjes. Vijana wamesongamana ndani ya basi, wengine tumbo limewachafuka. Wakishuka, dakika ishirini za kwanza miguu yao bado imelala. Mabao matatu yakifungwa wakati huo, mimi huyaita mabao ya barabara. Straika asiyadai yote.

Uwanja nao una maneno yake. Muhula wa pili huanza mvua ndefu bado inanyesha. Huku juu kwenye majani chai, Kianjokoma kwa upande wa Embu au Chogoria huko Tharaka Nithi, udongo mwekundu hugeuka matope na mpira hukwama kana kwamba umeshikwa na mkono. Ukiteremka Siakago, Kiritiri au Marimanti, ardhi ni ngumu, jua linachoma, na mpira unadunda juu ya goti. Winga aliyekuwa akipaa Kiritiri kama pikapu ya miraa iendayo Nairobi, mpeleke Chogoria mwezi wa Mei uone kama hatakuwa trekta. Je, ameshuka fomu? La, amebadilishiwa uwanja. Na tusisahau kwamba viwanja vyetu vingi vimechongwa kwenye miteremko ya mlima. Timu inayoshambulia kuelekea chini huonekana na mbio nyingi kuliko ilizo nazo.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe. Neno hili tunalitumia ovyo. Tunasema "hana fomu" kwa kila kosa, ilhali makosa hayafanani. Kuna pumzi na miguu. Baada ya likizo, huyu alikuwa akichuma majani chai kila asubuhi, yule alikuwa akilala hadi saa nne. Wa pili utamjua kuanzia dakika ya sitini: mikono kiunoni, anamwangalia mpinzani akimpita, anaomba maji kila refa anapopuliza. Ugonjwa huu una dawa. Wiki tatu za kukimbia mlimani zatosha, na milima hatukunyimwa. Kuna pia mguso wa mpira. Mchezaji anatuliza mpira nao unamruka hatua mbili. Huo nao hurudi kwa mazoezi, kama vile mwandiko unavyorudi baada ya likizo.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo halirudi kwa kukimbia mlima, nalo ni kichwa. Ukitaka kulijua, usitazame miguu ya mchezaji, tazama shingo yake. Mchezaji anayeuelewa mchezo hugeuza kichwa kabla ya mpira kumfikia: kulia, kushoto, nyuma ya bega. Mpira unapofika, tayari anajua nani yuko huru na nani anamjia mgongoni. Mwingine hukodolea mpira macho tangu unapigwa mpaka unamfikia, kisha ndipo aanze kutafuta wenzake, na wakati huo ameshanyang'anywa. Wa kwanza akikosea pasi kwa kuwa miguu ni mizito, mvumilie. Wa pili akifunga bao la ajabu, mshangilie, ila usimkabidhi kiungo cha kati bado.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ingawa hili ni jarida la Kiswahili. Mechi ni dakika 90, lakini ukiondoa mipira iliyotoka nje, faulo na kungojea kona, hata katika ligi kubwa za Ulaya mpira huwa mchezoni dakika 55 hadi 60 hivi. Gawanya kwa wachezaji 22. Kila mmoja anapata dakika mbili na nusu au pungufu ya tatu. Basi hizo dakika nyingine themanini na zaidi anafanya nini? Hapo ndipo mchezaji anapopatikana, na hapo ndipo sisi mashabiki hatutazami kabisa, maana macho yetu yanafuata mpira kama kuku afuataye mtama.

Chukua namba sita. Kazi anayopewa ni kukaa mbele ya mabeki wa kati, kuziba mwanya na kumfanya namba kumi wa wapinzani akose pa kupitia. Akiifanya vizuri, hakuna kitakachotokea, na kisichotokea hakipigiwi makofi. Kwenye foleni ya chakula utasikia, "Namba sita leo alikuwa wapi? Sikumwona." Huenda hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizopata siku hiyo. Victor Wanyama wetu anakumbukwa na wengi kwa bao la kichwa alilowafunga Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, Celtic iliposhinda 2-1. Bao lilikuwa tamu, ndiyo. Lakini Celtic haikuwa imemwajiri kufunga mabao. Kazi yake ya kila wiki ilikuwa kuvunja mashambulizi na kuwalinda mabeki, na ni kazi hiyo iliyompeleka Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013, katika klabu ya Southampton.

Kwa hivyo swali la kwanza si "amecheza vizuri?" bali "alitumwa kufanya nini?" Beki wa kulia aliyeambiwa asivuke nusu ya uwanja hawezi kulaumiwa kwa kutopiga krosi. Winga aliyeambiwa arudi kumsaidia beki ataonekana mchovu mbele ya lango la wapinzani. Kama umesimama karibu na benchi, sikiliza maneno ya kocha kabla ya mchezo kuanza. Yatakusaidia kuliko kelele zote zitakazofuata.

Mara nyingine kocha humweka mchezaji mahali pageni kwa makusudi. Watu hucheka wakisema mwalimu amechanganyikiwa. Kumbe ana sababu. Mashindano ya kaunti na ya kanda hubanwa katika siku chache, mechi hufuatana bila mapumziko ya kutosha, na mtu akiumia Jumatano hapatikani mwingine kutoka nyumbani. Mchezaji anayeweza kazi mbili ana thamani ya wachezaji wawili kwenye basi. Basi mechi ya kirafiki ndiyo mahali pa kumjaribu winga kuwa beki, au beki kuwa kiungo. Akikosea njia mara tatu katika nafasi asiyoizoea, hilo si ushahidi wa kumtoa. Cha kutazama ni anachofanya baada ya kosa: anarudi mbio nafasini au anainua mikono kumlaumu mwenzake? Kosa la nne linafanana na la kwanza, au amejifunza kitu?

Historia ya mchezo imejaa watu waliobadilishiwa kazi. Thierry Henry alikuwa akichezeshwa pembeni huko Juventus. Arsene Wenger alipomleta Arsenal mwaka 1999 akamweka katikati kama mshambulizi. Mechi nane za kwanza hakufunga hata bao moja. Nawaza tu foleni yetu ya chakula ingesema nini! Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 26, na alipoondoka kabisa alikuwa mfungaji bora katika historia ya klabu hiyo.

Hata nje ya kandanda mambo ni yayo hayo. Australia wana mchezo wao wa mpira, wachezaji 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, na mpira hupigwa kwa miguu na kwa ngumi. Nako hucheza mechi za majaribio kabla ya msimu kuanza mwezi wa Machi, na mashabiki wao hubishana vilevile. Aliir Aliir ni mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Alipojiunga na klabu ya Sydney, alihamishwa kutoka mbele akawa mlinzi. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, alitajwa katika kikosi bora cha mwaka cha mchezo huo. Angehukumiwa kwa kazi ya kwanza tu, tusingelisikia jina lake.

Mlinda lango naye ana taabu ya pekee. Katika mechi rahisi anaweza kumaliza kipindi kizima bila kudaka mpira mmoja, kisha tuseme hatuna habari naye. Habari zake zipo. Je, timu yetu ikishambulia, yeye husogea hadi ukingoni mwa eneo la penalti au ameegemea mwamba akiota jua? Unaisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa uwanja? Akipewa mpira na beki, anautoa haraka kwa aliye huru, au anaufyatua tu juu kama anayefukuza kunguru? Na mpira wa kona ukija, anatoka kwa uhakika au anasita katikati? Mlinda lango anayesita mwezi wa Mei dhidi ya jirani atasita mwezi wa Juni mbele ya watu elfu moja.

Nieleze pia jambo ambalo huwa halisemwi waziwazi. Kuna wachezaji tunaowaona wazuri kwa sababu wana jina la utani, au kwa sababu wamekaa shuleni muda mrefu, au viatu vyao ni vipya. Na kuna kijana mnyonge ambaye hana wa kumpigia kelele. Kocha akiwa mmoja, na wachezaji arobaini wakigombea nafasi kumi na nane, hawezi kuona kila kitu, hata angekuwa na macho ya tai. Hapo ndipo wanafunzi wanaweza kusaidia badala ya kupiga domo.

Njia ni rahisi. Chagua mchezaji mmoja na umtazame yeye peke yake kwa dakika kumi. Mpira ukienda mbali usiufuate. Shingo itakataa mwanzoni, ilazimishe. Andika mara ngapi alipokea mpira, mara ngapi alimfikishia mwenzake, mara ngapi aliupoteza na alipoteza wapi. Tuseme namba nane amepokea mara kumi, amefikisha saba, amepoteza tatu. Kama tatu hizo zote zilikuwa karibu na lango la wapinzani akijaribu kupenyeza pasi ya bao, si mbaya hata kidogo. Kama zilikuwa mbele ya lango letu, mwambieni mwalimu. Kisha andika safu ya mwisho, ambayo ndiyo tamu: timu ilipopoteza mpira, alikimbia, alitembea au alisimama?

Wenzako wawili wamtazame mchezaji huyo huyo katika dakika nyingine, mmoja mapema na mmoja baada ya dakika ya sitini, kisha mlinganishe. Mtakapokosana, na mtakosana, rudieni mechi ijayo. Daftari dogo la kurasa 32 latosha. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, maana mvua ya Mei huku kwetu haina adabu.