Boshori, hijabu au kapelo: Chunga unachovaa chini ya helmeti

Ukisimama kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, utawaona wafanyakazi wengi wakinyonga baiskeli kuelekea Eneo la Viwanda. Baadhi yao wako kichwa wazi. Wengine wamevaa helmeti, nao wanastahili pongezi. Lakini hebu waangalie kwa makini. Chini ya helmeti hizo kuna boshori za sufu zilizovutwa hadi masikioni, kapelo ambazo midomo yake imechomoza mbele, vilemba, leso na hata kofia za plastiki za kuogea.

Je, kuna ubaya gani? Baridi ni baridi, dini ni dini, na nywele zilizosukwa kwa saa tano hazifai kuharibiwa kwa safari ya nusu saa.

Jirani mmoja wa mwandishi wa makala haya, fundi wa kuchomelea vyuma, alianza kujiuliza swali hilo akiwa na bandeji kichwani. Asubuhi moja ya Julai alitoka nyumbani akiwa amevaa boshori nzito, kisha akavaa helmeti juu yake. Kwa kuwa boshori iliifanya helmeti imbane, aliulegeza mkanda wa kidevu hadi mwisho. Njiani gurudumu la mbele liliingia shimoni, naye akarushwa juu ya usukani. Kabla hajafika chini, helmeti ilikuwa imekwisha kuteleza na kurudi kisogoni. Kipaji cha uso ndicho kilichogonga ukingo wa barabara. Alishonwa nyuzi saba, na kwa majuma mawili alishikwa na kizunguzungu kila alipoinama kufunga viatu.

"Kumbe helmeti hizi ni za bure tu?" aliuliza.

La hasha. Helmeti yake haikuwa ya bure. Ila ilipohitajika, haikuwa mahali pake.

Kazi ya helmeti

Helmeti ya baiskeli ina gamba jembamba la plastiki kwa nje. Ndani yake mna povu gumu, la aina ile ile inayowekwa katika makasha ya televisheni ili isivunjike. Povu hilo ndilo lenye kazi. Kichwa kinapogonga lami, povu hupondeka, na katika kupondeka huko humeza sehemu kubwa ya kishindo ambacho kingelifikia fuvu. Badala ya kichwa kusimama ghafla, husimama polepole kidogo. Tofauti ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kwa ubongo, ambao ni laini na umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu, tofauti hiyo ni kubwa.

Mwaka 2016, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walitoa uchambuzi wa tafiti 40 zilizohusu zaidi ya watu 64,000 walioumia wakiendesha baiskeli. Waligundua kwamba kuvaa helmeti kulihusishwa na kupungua kwa uwezekano wa kuumia kichwa kwa karibu nusu. Kwa majeraha mabaya ya kichwa, uwezekano ulipungua kwa asilimia 69.

Hata hivyo, manufaa hayo hupatikana helmeti ikiwa imekaa sawasawa. Huenda mtu akasema kwamba sufu nayo ni laini, kwa hivyo itaongeza kinga. Sivyo. Sufu hubonyea kwa uzito wa kidole tu, na kwa kishindo cha kuanguka ni kama haipo. Inachofanya ni kuiinua helmeti juu ya kichwa, kuacha nafasi pembeni, na kuifanya izunguke au iteleze.

Kwa hivyo kanuni ni moja: chagua kivazi kinachoifaa helmeti, wala usiilazimishe helmeti ikubali kivazi. Kinachokwenda chini yake kiwe chembamba, kilale bapa, kisiwe na fundo, na kisiteleze.

Kapelo na boshori

Kapelo ndiyo mbaya kupita zote. Mdomo wake mgumu huisukuma helmeti nyuma na kuacha kipaji cha uso wazi, yaani mahali panapogonga kwanza mtu anapoanguka kifudifudi. Aidha, kapelo nyingi zina kifungo kidogo kigumu katikati ya utosi. Wakati wa kuanguka, kifungo hicho huwa katikati ya povu na fuvu, na huweza kuumiza. Wanamichezo wa baiskeli wana kofia yao ya kitambaa chepesi, yenye mdomo mfupi na isiyo na kifungo. Hiyo haina neno.

Kwa wakazi wa Limuru, Nyahururu au Eldoret, ambako asubuhi pumzi huonekana kama moshi, boshori inaweza kuachwa mkobani hadi mwisho wa safari. Badala yake, vaa kofia nyembamba ya kitambaa kinachonyumbuka, inayokaa kichwani kama soksi. Ukiona masikio yanaganda, tumia utepe mwembamba wa kuyafunika, lakini usiyazibe kabisa. Mwendesha baiskeli husikia matatu kabla ya kuiona.

Wale wa Mombasa na Kisumu shida yao ni jasho. Kitambaa kizito huongeza joto, huleta vipele, na jasho likiingia machoni mtu hushindwa kuona mbele. Kitambaa chembamba cha pamba hufyonza jasho hilo, mradi kifuliwe kila siku.

Hijabu na kilemba

Kwa mwanamke Mwislamu, hakuna haja ya kuchagua kati ya hijabu na usalama. Kitu cha kwanza ni kuondoa pini zote kichwani na shingoni. Pini ndogo inayoshikilia mtandio huweza kuchoma ngozi au shingo mtu anapoanguka. Pili, tumia kitambaa cha pamba kinachonyumbuka badala ya hariri au satini, kwani vitambaa hivyo vinang'aa lakini vinateleza, na helmeti huteleza navyo. Tatu, nywele zisifungwe fundo juu ya utosi wala kisogoni zinapofika helmeti. Zifungwe chini, karibu na shingo. Nne, ncha za mtandio na za buibui ziingizwe ndani ya nguo. Kitambaa kinachopepea kikinaswa na mnyororo au gurudumu, kitamwangusha mtu hata kama barabara ni tupu.

Mkanda wa kidevu na upite juu ya kitambaa chembamba kilicholala bapa, kisha ukazwe upya. Ukiukaza ukiwa kichwa wazi halafu ukavaa hijabu, kipimo si kile tena.

Mwanamume anayekwenda msikitini na kofia ya viua iliyotiwa wanga afadhali aiweke mkobani na kuivaa akifika. Kofia hiyo husimama wima, na helmeti haiwezi kukaa juu yake. Isitoshe, itafika imekunjamana.

Kilemba kamili cha Kisikh ni suala gumu zaidi, na si Kenya pekee. Nchini Uingereza, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1976 ya kuwaruhusu Masikh wenye vilemba waendeshe pikipiki bila helmeti. Sheria hiyo ilimaliza mzozo wa dini, lakini haikulinda fuvu la mtu. Mwaka 2022 huko Ontario, Canada, Tina Singh, mama wa watoto wa kiume, alitoa helmeti aliyoibuni kwa ajili ya watoto wa Kisikh. Ina uvimbe juu yake, ili fundo la nywele na kitambaa chake vipate nafasi bila kuiinua helmeti yote. Huo ni mfano mzuri wa kuyatafutia mambo haya suluhisho badala ya kubishana.

Nywele

Misuko minene na mawigi huleta tatizo sawa na la boshori. Mwenye rasta hana budi kuziachilia zishuke mgongoni. David Kinjah wa Kikuyu, mwendesha baiskeli aliyemnoa Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne, anajulikana kwa rasta zake ndefu, na rasta hazikumzuia kuwa bingwa.

Misuko iliyokazwa mno, ikisuguliwa na helmeti kila siku, huweza kuchangia nywele kukatika mbele na pembeni. Sokota misuko bapa na uilegeze kidogo. Kitambaa chembamba kati ya nywele na helmeti hupunguza msuguano huo.

Kuna pia maumivu ya kichwa ambayo madaktari hujua yanatokana na kitu kinachobana, iwe ni helmeti, utepe au miwani ya kuogelea. Huanza ukiwa umekivaa na huisha katika muda wa saa moja hivi baada ya kukivua. Kama wewe huumwa kichwa kila ufikapo kazini, kabla ya kumeza dawa chunguza kama umejaza vitambaa chini ya helmeti.

Mvua na usafi

Kabla ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, ilikuwa desturi kujifunga mfuko kichwani mvua inyeshapo, kisha helmeti juu. Siku hizi wengine hutumia kofia ya plastiki ya kuogea. Plastiki ikilowa huteleza kama sabuni. Suluhisho ni rahisi: kofia hiyo ivae juu ya helmeti, si chini yake. Nywele hazitalowa, na helmeti itabaki imeshika kichwa.

Wanaopanda pikipiki za bodaboda wana sababu nyingine ya kuvaa kitambaa. Sheria ya trafiki inamtaka abiria avae helmeti, lakini helmeti hiyo imevaliwa na wengi kabla yake. Choa cha kichwa, ambacho wengi hukiita mashilingi, huweza kuenezwa kwa kofia na vitana vinavyotumiwa na watu wengi, na chawa vilevile. Choa hicho huwapata zaidi watoto, na kupaka krimu peke yake hakutoshi. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Beba kitambaa chako chembamba, kivae chini ya helmeti, na ukifue ufikapo nyumbani. Usimwazime mwingine. Na kama hukujaliwa kuwa nacho siku hiyo, vaa helmeti hivyo hivyo. Choa hutibika, ubongo ukipasuka ni vigumu.

Helmeti yenyewe ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha ianikwe kivulini. Petroli na rangi za kupuliza huharibu povu. Ukinunua ya mitumba, ipekue ndani na nje uone kama ina nyufa. Iliyokwisha kugonga barabara mara moja haifai tena, hata ikionekana nzima, kwa sababu povu lililopondeka halirudi lilivyokuwa.

Ijaribu kabla ya kutoka

Ukiwa umevaa kila kitu unachokusudia kuvaa, simama mbele ya kioo. Ukingo wa helmeti uwe vidole viwili juu ya nyusi, si zaidi. Mikanda ikutane chini kidogo ya masikio kama herufi V. Kati ya mkanda na kidevu ipite nafasi ya kidole kimoja au viwili. Fungua kinywa wazi kama unayepiga mwayo. Unapaswa kuhisi helmeti ikikuvuta utosini. Kisha isukume nyuma kwa kiganja, na utikise kichwa huku na huku. Ikiteleza na kuacha kipaji cha uso wazi, punguza kilicho chini yake. Usilegeze mkanda, na usibandue sponji za ndani ili upate nafasi.

Jaribio hilo huchukua chini ya dakika moja. Mtoto naye afanyiwe kila anapobadilisha msuko, kwani helmeti iliyomfaa Jumapili huenda isimfae Jumatatu.

Yule jirani fundi sasa amepona. Amenunua helmeti nyingine, na chini yake huvaa kofia nyembamba nyeusi ambayo mkewe hufua pamoja na soksi. Bado huamka alfajiri kukiwa na baridi, na boshori yake bado anaipenda. Ila siku hizi boshori husafiri mkobani, na huivaa akishaifunga baiskeli kwa kufuli kwenye lango la kazini.