Je, Wajua? Tufani ya Shakespeare Ilihamia Anga za Juu

Tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi kwa jina *Tufani* (1969) iliwahi kupelekwa anga za juu. Mwingereza Bob Carlton aliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo, *Return to the Forbidden Planet*: kisiwa cha tamthilia kikawa sayari, pepo Ariel akawa roboti, na waigizaji wakaimba roki iliyovuma miaka ya 1950 na 1960. Ulishinda tuzo ya Olivier jijini London.

Rwanda nayo ina *Neptune Frost* (2021), filamu ya nyimbo yenye bunilizi ya kisayansi ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa picha nchini humo. Nyimbo zake ni mpya; wahusika ni wachimba madini ya koltani na wadukuzi. Mtazamaji atasikia humo Kinyarwanda na Kiswahili pia.