Mikono Ikiwa na Magamba: Kidole Kifanye Nini, Kisifanye Nini

Simu haingoji umalize kazi. Uko Ndau, unavuta wavu au unapaa samaki pwani, na simu inalia. Mnunuzi naye amesimama mbele yako: "Nishatuma, angalia simu." Utaiangalia vipi na mikono yote miwili imejaa magamba?

Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kinachoweza kuponyoka ni pesa yako. Basi tuangalie ni kazi gani unaweza kuiachia kidole kimoja, na ni ipi ya kungoja hadi unawe.

Kwa nini simu inakukataa

Kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme. Maji ya chumvi pia hupitisha umeme, tena vizuri kuliko maji ya mvua. Ndiyo maana tone likidondoka kwenye kioo, simu inaweza kudhani ni kidole na kuanza kujibonyeza yenyewe. Alama ya kidole nayo husumbua, kwa sababu ngozi iliyokaa majini hujikunja, na iliyochubuliwa na mshipi haisomeki vizuri. Simu yako haijaharibika. Kausha mkono ujaribu tena, na ukiwa nyumbani sajili vidole viwili au vitatu badala ya kimoja.

Ishara ndogo zinazosaidia

- Vipokea sauti vya masikioni vyenye waya na kitufe: bonyeza mara moja, umepokea simu. Kioo hukigusi.
- Kabambe: baadhi zina mpangilio wa kupokea simu kwa kubonyeza kitufe chochote. Utafute kwenye mipangilio ya simu.
- iPhone: tangu 2020, nyingi zinakuruhusu kugonga mgongo wa simu mara mbili au tatu ili zifanye jambo ulilochagua mwenyewe.
- Saa za mkononi: mwaka 2021 Apple iliweka kwenye saa zake ishara za kubana vidole na kukunja ngumi, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mkono. Mwaka 2023 ikaleta ishara ya kugonganisha kidole gumba na cha shahada mara mbili kwa kila mwenye saa mpya. Saa husikia mtikisiko wa mkono na mabadiliko ya damu kwenye kifundo, ikajua umebana vidole.

Kupokea ndiyo, kutoa hapana

Ishara hizi ni za kupokea simu, kunyamazisha au kufungua kitu. Kutoa pesa ni jambo jingine. Hata kwenye saa ya Apple, ukitaka kulipa kwa kawaida unabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili. Kidole huweza kugusa kwa bahati mbaya, lakini pesa haifai kutoka kwa bahati mbaya. Kazi ya PIN ni hiyo.

Hatari kubwa huja pale unapomwambia kijana aliye karibu, "Hebu nitumie hiyo pesa, PIN yangu ni hii." Hata akiwa mwanao na ni mwaminifu, waliosimama karibu wamesikia.

Na mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, bado hujalipwa. Hata ujumbe ulioingia kwenye simu yako unaweza kuwa wa kughushi. Salio ndilo shahidi wako: likiongezeka, mpe samaki wake.

Fanya hivi ukiwa kazini

1. Weka kitambaa kikavu ndani ya kopo lenye kifuniko, karibu na simu.
2. Simu ifungwe kwa PIN au alama ya kidole wakati wote, ili maji au mtoto asiifungue.
3. Ukiambiwa "nishatuma", futa mkono na uangalie salio mwenyewe kabla ya kukabidhi mzigo.
4. Kutuma pesa kungoje unawe. PIN uiandike wewe, kioo ukiwa umekielekeza kwako.

Mnunuzi wa kweli atakungoja unawe. Anayekuharakisha wakati mikono yako imejaa magamba, huyo ndiye wa kuangaliwa mara mbili.

Je, umewahi kuitaja PIN yako mbele ya watu? Ibadilishe leo, mikono ikiwa mikavu.