Moshi ubaki juu, nguvu ishuke chini

Binti yangu anasoma mwaka wa nane. Mangaribi moja alikuwa anarudilia masomo karibu na mbabula, mama yake anapika bukari, akaniuliza: « Papa, ule mfuko wa makala tuliununua mwanzo wa mwezi. Sasa kunabakia majivu kidogo tu ndani ya ndoo. Ile ingine yote ilienda wapi? »

Nilitaka kumujibu: imekwisha, basi. Lakini mwalimu wao amekwisha kuwafundisha kama kitu hakipoteaka bure, kinageuka tu. Nikanyamaza, juu swali lake lilinirudisha kwenye shimo moja.

Ilikuwa musimu wa mvua, kwenye karieri moja. Maji yalijaa chini. Ekipi ikashusha motopompi ya esansi mpaka ndani ya galeri, ikaiwasha. Nyuma ya saa moja, mumoja akashuka kuizima. Wakamuita, hakujibu. Wa pili akashuka kumufuata, naye akanyamaza. Tulipowatoa kwa kamba, wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alipona, lakini mpaka leo anasahau majina ya watoto wake. Hawakuwa na jeraha hata moja. Kwenye kilio, mama mujane aliniuliza mimi, delege wa sendika: « Nani aliloga bwana yangu? » Sikuwa na jibu. Leo niko nalo, na ni lile lile ambalo binti yangu alikuwa anatafuta.

Kitu hakipotei

Shuleni, kila kitu chenye uzito na chenye kuchukua nafasi wanakiita matieri: jiwe, maji, na hata upepo. Wengi wanakataa juu ya upepo. Lakini angalieni lori lenye kubeba minere: ndani ya mipira yake kunajaa upepo tu, na lile lori lote linasimama juu yake. Chenye kubeba lori hakiwezi kuwa bule.

Mwaka 1774, Mufaransa Lavoisier alieleza namna alivyofunga etani, ile inayotoka ndani ya kasiterite, ndani ya chombo cha kioo, akaichoma mpaka ikageuka unga. Mbele ya kufungua chombo, akapima tena. Uzito ulikuwa ule ule. Hakuna kilichopotea.

Makala yetu pia iko hivyo. Kubwa yake ni kaboni. Ikiwaka, gramu 12 za kaboni zinashika gramu 32 za oksijeni iliyo ndani ya upepo, zinakuwa gramu 44 za gesi. Maana yake, kilo moja ya kaboni inatoa zaidi ya kilo 3 na nusu za gesi! Na lita moja ya esansi, ambayo uzito wake haufiki kilo moja, ikiungua ndani ya masini inatoa zaidi ya kilo 2 za gesi ile. Macho hayaioni, lakini mizani inaiona.

Hiyo ni wakati moto unapata upepo wa kutosha. Ndani ya galeri upepo uko kidogo, na masini inaukula. Hapo kaboni inashika nusu tu ya oksijeni inayotaka, na gesi ingine inazaliwa: monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Uzito wake uko karibu sawa na wa upepo, kwa hiyo haipandi ikakimbia, inachangamana tu na ile tunayovuta. Ndani ya damu inakamata kiti cha oksijeni, na inakishika zaidi ya mara 200 kupita oksijeni yenyewe. Mutu anavuta pumzi, kifua kinapanda, lakini damu inazunguka mikono mitupu.

Wengine wanashusha mushumaa: ukiwaka, wanasema upepo uko muzuri. Muwe na akili, bandugu. Mushumaa unazimika oksijeni ikipunguka sana. Monoksidi inaweza kuua mutu na mushumaa unaendelea kuwaka.

Kwa nini motopompi inashuka?

Hawaishushi kwa ujinga. Pompi haivutaka maji kama tunavyofikiri. Inatoa upepo ndani ya tiyo, na uzito wa upepo wa inje njo unasukuma maji yapande. Karibu na bahari, uzito ule hauwezi kuyapandisha kupita metre 10 hivi. Huku Kolwezi tuko juu zaidi ya metre 1 400, upepo wetu uko mwepesi, na kwa kazi yenyewe pompi iliyobaki juu inavuka metre 7 kwa shida. Shimo likiwa na metre 20, inanguruma bule. Lakini pompi iliyo chini inasukuma maji mpaka pale nguvu yake inafika. Ndiyo maana ekipi inaishusha.

Basi pompi lazima ishuke. Lakini moto nao, ni lazima ushuke?

Hapana. Na hapa somo la pili la watoto linatusaidia. Nguvu nayo haipotei, inageuka, tena inaweza kusafiri yenyewe na kuacha moshi nyuma. Ndani ya esansi kuna nguvu iliyolala. Grupu iliyowekwa inje inaiamsha, inaigeuza mwendo, halafu umeme. Umeme unashuka kwa waya mpaka kwenye pompi ya umeme, ile ya kuzama ndani ya maji. Kule chini unarudi kuwa mwendo, na maji yanapanda. Si njo namna tunavyopata umeme wa Inga? Maji ya mto Kongo yanaanguka, yanazungusha masini, na nguvu yao inakuja Kolwezi kwa laini ya karibu kilometre 1 700, tangu miaka ya 1980. Hakuna mutu aliyeleta mto huku kwa ndoo.

Mwenye shimo atasema grupu inakula esansi mingi kupita motopompi. Ni kweli: kila mara nguvu inageuka, sehemu yake inakuwa joto la bule. Hesabu yake iko sawa, lakini alihesabia esansi tu, hakuhesabia mutu. Kila ekipi imuombe kitu hiki mbele ya mvua: masini yenye moshi isishuke kamwe, na grupu ikae mbali na mulango wa shimo, pahali upepo haurudishi moshi ndani. Waya iwe nzima bila kipande kilichochubuka, na mutu asiingie ndani ya maji pompi ikiwa inazunguka.

Kichwa kikiuma, magulu yakilegea, roho ikichafuka, wote watoke mara moja. Mwenzenu akinyamaza chini, musimufuate hivi hivi: zimeni masini, ingizeni upepo, muvuteni kwa kamba kama amefungwa, muite wenye vifaa vya kupumulia. Akitoka, apelekwe hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepona.

Na ninyi bamama, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikifika, musilale na mbabula ndani na mulango umefungwa. Gesi ni ile ile.

Mangaribi ile nilimujibu binti yangu: makala haikupotea, iko ndani ya upepo tunaovuta. Akaangalia mulango, akaangalia mbabula, akasimama akaitoa inje.

Kesho yake nilienda kwa mama mujane. Nilimueleza yote, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho.

« Basi hakuna aliyemuloga? »

« Hakuna, mama. »

« Na ninyi mulikuwa munajua? »

« Hatukujua. »

« Sasa munajua », akasema.