Daftari la Mbwa na Paka Wasio na Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo hunenwa zaidi kwa wenye maduka, lakini yanafaa pia kwa jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, yaani zile nyumba zinazopokea mbwa na paka waliopotea au waliotupwa na wenyewe.

Huko Marekani nyumba za namna hiyo ni nyingi mno. Chama cha kulinda wanyama kiitwacho ASPCA kilikadiria mwaka 2019 kuwa wanyama wapatao milioni 6.3 waliingizwa humo kwa mwaka, na kuwa wapatao 920,000 waliuawa kwa sindano ya dawa. Mwaka 2011 waliouawa walikadiriwa kuwa milioni 2.6. Upungufu huo ni wa kufurahisha. Hata hivyo, ndugu msomaji, liangalie vema neno hilo “kukadiria”. Nchi hiyo, yenye kuhesabu karibu kila kitu, haina sheria ya taifa zima inayoilazimisha kila nyumba kutoa hesabu ya wanyama wake. Kila jimbo hufuata njia yake, na shirika la Shelter Animals Count, lililoanzishwa mwaka 2012 ili kukusanya hesabu hizo pamoja, limetegemea nyumba zinazotoa habari kwa hiari yao.

Jimbo la Virginia ni miongoni mwa yale yaliyochagua njia ya sheria. Humo kila nyumba hupeleka taarifa kila mwaka kwa Daktari Mkuu wa Mifugo wa jimbo, na taarifa hizo huwekwa wazi ili mwananchi yeyote azisome. Mpango wake ni kama ule wa daftari la duka. Kwanza huandikwa wanyama waliokuwapo mwaka ulipoanza, kisha walioingia: waliookotwa njiani, walioletwa na wenyewe, walionyang’anywa watu kwa amri ya sheria. Upande wa pili huandikwa waliorudishwa kwao, waliopata nyumba mpya, waliohamishwa, waliokufa, waliouawa na waliobaki. Pande hizo mbili hazina budi kulingana. Zisipolingana, yupo mnyama ambaye habari zake hazijulikani, na yupo mtu apasaye kuulizwa.

Daftari hilo lilizaa matunda. Kwa miaka mingi taarifa za nyumba moja ya watu binafsi mjini Norfolk zilionyesha kuwa wanyama waliouawa walikuwa wengi kupita waliopata makao. Watetezi wake walieleza kuwa nyumba hiyo hupokea wagonjwa na wazee ambao wengine huwakataa. Wapinzani hawakuridhika. Mwaka 2015 Bunge la Virginia lilipitisha sheria iliyotamka kuwa nyumba ya watu binafsi huendeshwa kwa madhumuni ya kuwatafutia wanyama makao ya kudumu. Mabishano hayo yasingalikuwa na msingi kama tarakimu zingalifungiwa kabatini.

Lakini tarakimu nazo zaweza kudanganya. Tuchukue mfano: wanyama 1,000 wametoka katika nyumba fulani, 600 wakiwa hai, 200 wameuawa kwa ombi la wenyewe, na 200 wameuawa kwa uamuzi wa nyumba. Waliosalimika ni 60 kwa kila 100. Akiwaondoa wale walioombewa kifo, mwenye nyumba atatangaza kuwa ni 75 kwa kila 100, wala hakugusa mnyama hata mmoja. Ndiyo maana mwezi wa Agosti 2004 viongozi wa vyama mbalimbali walikutana Asilomar, California, wakapatana juu ya maana ya mnyama mzima, mnyama awezaye kutibiwa, na yule asiyeweza. Maneno yasipokuwa na maana moja, hesabu haiwezi kulinganishwa.

Tena daftari lina gharama. Sheria ya California ya mwaka 1998, iliyoletwa na Seneta Tom Hayden, iliagiza kuwa habari za kila mnyama zihifadhiwe kwa miaka mitatu, na kuwa aliyeokotwa angojewe siku sita za kazi, au nne mahali penye saa za ziada za kufungua, ili mwenyewe apate kumfuata. Baadaye fedha zilipopungua, serikali ya jimbo iliacha kuzilipa wilaya na miji gharama za baadhi ya masharti hayo. Agizo lisilo na fungu la fedha hudhoofika upesi.

Basi mama au baba wa nyumba atakaye kuchukua mbwa, kutoa sadaka, au kumtafuta paka aliyepotea, na aulize kwa adabu: Wangapi waliingia mwaka jana? Wangapi walitoka hai? Waliouawa ni wangapi, na kwa sababu gani? Mnyama aliyeokotwa hungojewa siku ngapi? Naweza kuliona daftari? Mtunzaji mwema hatachukizwa na maswali hayo, kwa maana daftari lililo wazi humlinda hata yeye dhidi ya uvumi. Mnyama hana ulimi wa kujitetea. Asipoandikwa, hakuna atakayejua kama alipata kuishi.